Samaki Asiye na Ghala



Kwa majuma kadhaa baadhi yenu mmekuwa mkituuliza, baada ya Misa ya kwanza, kwa nini jikoni kwetu huchemshwa kongoro ambalo halifiki mezani. Mmoja wenu alitania kwamba huenda tumebuni mfungo wa namna mpya, wa kunusa bila kula. Tunawashukuru kwa subira yenu. Kongoro hilo ni chakula cha samaki watatu, nasi tumeona vema juma hili tuwaeleze namna linavyopikwa, na pia jinsi tulivyofikia kulipika. Kusema kweli tungependa kueleza la kwanza na kulinyamazia la pili. Lakini la kwanza pekee lingekuwa somo la mapishi tu, na aliyetufundisha hakutaka liishie hapo.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, familia moja ya parokia yetu ilipata uhamisho wa kikazi kwenda mkoa mwingine. Vitanda, makabati na magunia vilipakiwa kwenye lori, lakini kulikuwa na tangi la samaki la kioo, lenye urefu upatao mita moja, ambalo kila mtu aliona wazi kwamba lisingefika salama. Aliyekuwa akilitunza ni binti yao wa darasa la nne. Ndani yake walikuwamo samaki wa dhahabu tisa, wale wanaofugwa kwa mapambo. Kila mmoja alikuwa na jina lake, na aliyependwa kuliko wote alikuwa mweupe mwili mzima, mwenye kofia nyekundu iliyotuna kichwani. Huyo binti alimwita Kardinali.

Siku ya kutuletea alikuja na baba yake, tangi likiwa limebebwa na vijana wanne na samaki wakiwa ndani ya ndoo. Alitutazama usoni, akasema, "Baba Paroko, naomba mnitunzie. Nitakuwa napiga simu ya mama kila Jumapili kuwaulizia." Tukaahidi. Tena tuliahidi kwa furaha, maana nyumba yetu, kama mnavyoijua, haina pambo jingine zaidi ya kalenda ya jimbo na saa isiyokwenda.

Tulianza kwa usafi. Kabla ya kulijaza tangi maji tulizichemsha kokoto zote, na sifongo ya pampu tukaisugua kwa sabuni ya unga na kuisuuza mara tatu. Tuliona fahari kwa jinsi vilivyong'aa. Hatukujua kwamba katika zile kokoto na ile sifongo iliyoonekana chafu waliishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu ya kinyesi cha samaki iwe kitu kisichodhuru sana. Kwa asubuhi moja tuliwaua karibu wote.

Kisha tukaanza ukarimu. Kopo dogo la chakula aliloliacha binti lilipaswa kutosha miezi miwili, nasi tulilimaliza kwa siku kumi. Tangi liliwekwa sebuleni, mahali anapopita kila aliyekuja kuandikisha ubatizo, kutoa nia ya Misa au kuomba barua ya utambulisho. Samaki wa dhahabu ana tabia ya kumfuata mtu kwenye kioo, akifungua na kufumba mdomo. Sisi tulisoma hapo njaa, na baada ya njaa tukasoma shukrani. Kopo lilipokwisha tulisaga dagaa na pumba, tukawamwagia unga wake asubuhi, mchana na jioni. Wageni nao hawakubaki nyuma: huyu alivunja biskuti, yule kipande cha chapati, mwingine punje za wali. Watoto wa Utoto Mtakatifu walipokuja Jumamosi, kila mmoja alitaka kulisha mara moja, nao walikuwa zaidi ya thelathini. Hatukumkatalia hata mmoja.

Baada ya juma la pili maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele. Katika juma la tatu tuliamka tukamkuta mmoja amekufa, akielea. Siku mbili baadaye Kardinali alianza kuogelea kiubavu, mara akipinduka tumbo juu, mara akijitahidi kushuka chini na kurudishwa juu kama kizibo cha chupa. Alikaa hivyo hadi Jumamosi usiku, kisha akafa. Tulimfukia chini ya mpapai ulio nyuma ya jiko.

Jumapili, saa nane mchana, simu ikalia kama kawaida.

"Shikamoo, Baba Paroko."

"Marahaba, binti yetu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Samaki wangu hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na Kardinali?"

"Naye hajambo."

Tunaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, kwa kuwa hatuna njia nzuri zaidi ya kuyasema. Msomaji aliyezoea ukurasa huu anajua kwamba hapa tunasema "sisi" kwa desturi, na mara nyingi neno hilo linawajumlisha katekista, mama wa jikoni na wote wa nyumba hii. Lakini kwa habari ya simu ile, neno "sisi" lisitafutiwe watu wa kugawana nalo. Aliyeshika simu alikuwa mmoja, naye ndiye anayeandika. Tulijiambia kwamba tunamhurumia mtoto: yu mbali, yu katika shule mpya, hana rafiki bado, ya nini kumliza? Tukajiambia pia kwamba tutamweleza polepole. Jumapili iliyofuata walikuwa wamekufa wengine wawili, na "polepole" ikawa ngumu zaidi. Hadi katikati ya Agosti walikuwa wamebaki watatu, nasi tulikuwa tumesema "hawajambo wote" Jumapili nne mfululizo.

Ndipo tulipokwenda kwa mzee mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya jirani. Mzee huyo alikuwa bwana samaki kwa miaka mingi, akifanya kazi na wavuvi wa Ziwa Kitangiri, na sasa amestaafu. Tulimkuta barazani kwake, upande ambao Ziwa Singida huonekana kati ya mawe makubwa. Tulimsimulia yote, isipokuwa habari za simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Yule mtoto alikuwa anawalisha nini, na kwa kiasi gani?"

Tulisema hatujui.

"Si mumuulize, Baba? Ana simu."

Hatukujibu. Mzee alitutazama kwa muda, asiseme kitu, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea ziwani.

"Ziwa lile," alisema, "halina mto wa kulitoa maji. Mvua inaleta chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye mawe na udongo, jua linachukua maji peke yake, chumvi inabaki. Ndiyo maana halinyweki. Sasa tangi lenu ni ziwa lisilo na mto. Kila mnachotia hubaki humo mpaka mkitoe kwa mkono. Mnadhani mnawalisha samaki, kumbe mnalisha maji."

Akatueleza mambo matatu, nasi tunayaweka hapa kwa faida ya yeyote mwenye tangi kama hilo.

Kwanza, samaki wa dhahabu hana tumbo la kutunzia chakula kama letu. Kinachopita kooni huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Hana ghala. Ukimpa cha siku tatu kwa siku moja hawezi kukiweka akiba. Atakula tu, kwa sababu maumbile yake yamemfundisha kula kila kinachopatikana, kisha atakitoa kikiwa hakijasagika vizuri, na samaki wa umbo la mviringo kama Kardinali huweza kuvimbiwa hata akashindwa kujisawazisha majini.

Pili, chakula kikavu cha unga hakikai pamoja. Kikigusa maji hutawanyika, sehemu ndogo huliwa na sehemu kubwa hushuka katikati ya kokoto na kuoza. Kuoza huko, pamoja na kinyesi, huzalisha amonia, nayo huunguza matamvua. Samaki anayehema juu ya maji mara nyingi haombi chakula, bali anatafuta pumzi. Tulikumbuka midomo ile iliyokuwa ikifunguka na kufumba juu ya maji katika siku za mwisho, na jinsi tulivyoijibu kwa kumwaga unga zaidi.

Tatu, dawa yake ni chakula cha kuganda. Ukichanganya samaki na mboga katika kitu kinachoganda kama jeli, kila kipande hubaki kizima majini kwa muda mrefu. Samaki hung'ata anachokitaka, na kilichobaki unakitoa kwa kijiko. Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo duniani hufanya hivyo, na hata katika matangi makubwa ya maonyesho chakula cha jeli hutumika sana.

Kabla hatujaondoka alitusimulia jambo jingine ambalo hatukulitegemea. Alisema kosa letu si geni, bali limewahi kufanyika kwa ukubwa wa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara waliingizwa katika ziwa lile na watu waliotaka kuongeza samaki wakubwa kwa ajili ya chakula na biashara. Sato naye aliletwa katika miaka hiyo. Nia ilikuwa kutoa, na kwa kweli kazi na fedha zilipatikana kwa wengi. Lakini hakuna aliyepima ziwa linaweza kupokea nini. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wameongezeka mno, na furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, walikuwa wameangamia kwa wingi, huku ngege waliopendwa na wazee wetu wakipungua sana. Baadhi ya aina za furu leo hutunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. "Kwa hiyo, Baba," alisema mzee akicheka kidogo, "tangi la kioo laweza pia kuokoa. Inategemea nani anashika kijiko."

Tulirudi nyumbani tukiwa na kazi ya kufanya, nayo, tukiri, ilitufaa, kwa kuwa mwenye mikono iliyoshughulika husahau simu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kigandishi. Mzee alitaja jelatini ya unga na agari, vitu vinavyouzwa kwa wanaopika keki na vitamutamu. Tulizunguka maduka ya mjini siku nzima bila kuvipata. Jioni mama wa jikoni alitusikia tukilalamika, akauliza hicho tunachokitafuta kinafanya nini. Tulipomweleza alishangaa. "Baba, si hii supu ya kongoro? Ikilala usiku inakuwa nini asubuhi?" Sote tumewahi kuiona sufuria ya kongoro asubuhi ya baridi, imeganda mpaka kijiko kinasimama wima. Hiyo ndiyo jelatini yenyewe, inayotoka katika ngozi, kano na mifupa ya ng'ombe. Tuliizunguka Singida nzima tukitafuta kitu kilichokuwa katika sufuria yetu kila Jumamosi.

Baadaye tulisoma kwamba hatukuwa wa kwanza kufundishwa na jiko. Mwaka 1881, huko Ujerumani, daktari Walther Hesse, aliyefanya kazi na Robert Koch, alikuwa akihangaika kuotesha vijidudu juu ya jelatini, ambayo wakati wa joto iliyeyuka na kuharibu kazi. Mkewe, Fanny Hesse, ndiye aliyependekeza agari, kigandishi kitokanacho na mwani, ambacho alikizoea katika jeli za jikoni mwake. Maabara za dunia nzima hutumia agari hadi leo. Ndugu zetu wa pwani wenye joto kali huenda nao wakahitaji agari kwa ajili ya samaki wao, kwa sababu jelatini huanza kuyeyuka maji yakikaribia nyuzi 30, lakini agari iliyokwisha kuganda haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi 80. Kwetu Singida, hasa katika upepo wa Julai na Agosti, kongoro latosha.

Jaribio letu la kwanza lilishindwa. Tulitaka kuwapendeza samaki, tukaongeza papai bichi lililopondwa, kutoka katika mti ule ule wa nyuma ya jiko. Asubuhi tulikuta uji. Mama wa jikoni alicheka sana. Nani asiyejua kwamba papai hulainisha nyama ngumu? Kile kinacholainisha nyama ndicho kinachovunja jelatini isigande. Tukamwaga, tukaanza upya.

Namna iliyofaulu ni hii. Chukua makongoro mawili yaliyosafishwa vizuri, uyachemshe kwa moto mdogo katika lita nne za maji kwa muda wa saa sita, mpaka ibaki lita moja hivi. Usitie chumvi, kitunguu wala kiungo chochote. Chuja, acha supu ipoe, kisha ondoa mafuta yote yaliyoganda juu, kwa maana mafuta huchafua uso wa maji. Kando, loweka robo kilo ya dagaa na uwaoshe mara nyingi hadi mchanga uishe, kisha uwachemshe. Usiwatie wabichi, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Chemsha pia kikombe kimoja cha njegere na uzimenye maganda, karoti moja, na fungu moja la mchicha kwa dakika chache tu. Saga vyote pamoja mpaka vilainike. Pasha supu ipate kuyeyuka, uchanganye kipimo kimoja cha supu na kipimo kimoja cha rojo ya samaki na mboga, umimine kwenye sinia kwa unene wa sentimita moja. Weka kwenye jokofu mpaka asubuhi. Katakata vipande vidogo sana, vya kutosha juma moja viache kwenye jokofu, na vingine vigandishe barafu.

Kabla ya kuwapa samaki, tulijaribu kama mzee alivyotuagiza: kipande kimoja ndani ya glasi ya maji ya tangi kwa saa nzima. Kilibaki kizima, na maji yakabaki maangavu. Tulikaa tukiiangalia glasi ile kama watu wanaosubiri habari kutoka hospitalini.

Kiasi chake ndicho kilichotushangaza zaidi. Kwa kila samaki, mara moja au mbili kwa siku, kipande kisichozidi sana ukubwa wa jicho lake. Baada ya dakika chache, kilichobaki hutolewa. Tena kila siku mbili tulipunguza robo ya maji na kuongeza mengine yaliyolala katika ndoo usiku kucha. Kwa siku tatu za kwanza mikono yetu iliwasha kwa kutaka kuongeza. Samaki walikuja kwenye kioo, wakafungua midomo, nasi ilitubidi kuondoka sebuleni. Mwishoni mwa juma la pili maji yalikuwa maangavu, na samaki watatu walikuwa wakiogelea chini, karibu na kokoto, wakichokonoa kama kuku.

Katika siku hizo tulikumbuka jambo lililotokea Krismasi iliyotangulia. Yuko mama mjane katika mojawapo ya Jumuiya zetu, mgonjwa, anayeishi peke yake katika chumba kimoja. Sote tulimkumbuka siku ile ile. Jumuiya yake ilimpelekea nyama, WAWATA nyama na nyanya, vijana mkungu wa ndizi na maziwa, na sisi wa nyumba ya parokia kuku aliyechinjwa tayari. Tulipiga naye picha. Hana jokofu, wala meno ya kutosha. Alituambia baadaye, kwa upole, kwamba siku ya tatu aliwaomba watoto wa jirani wamsaidie kuvitupa kwa sababu ya harufu, na kwamba kufikia katikati ya Januari alikuwa akikoroga uji wa chumvi. Hakulalamika. Tulimsikia, tukasikitika, tukarudi kwenye shughuli zetu. Hatukuyaelewa maneno yake mpaka tulipokaa mbele ya tangi la samaki. Yeye naye hana ghala. Tulipima sadaka kwa furaha yetu siku ya kutoa, hatukuipima kwa chumba chake. Wahenga walisema wema usizidi uwezo, nasi siku zote tulidhani wanasema juu ya uwezo wa anayetoa. Huenda walikuwa wakisema pia juu ya uwezo wa anayepokea. Hata mana jangwani ilitolewa ya siku moja moja, na iliyolazwa iliota funza.

Tangu Kwaresima ya mwaka huu Jumuiya ile imejipanga upya: familia moja kila siku, bakuli moja la chakula laini. Ni kitu kidogo mno, hakifai kupigwa picha.

Lakini bado simu ilikuwa inalia kila Jumapili. Tulikuwa tumejifunza kulisha samaki, tumepata maji maangavu, na mtoto bado tulikuwa tukimlisha uongo. Tulijaribu kujishawishi kwamba tufanye subira, tununue samaki wengine sita, tena tuagize mweupe mwenye kofia nyekundu, ili siku akija kututembelea awakute tisa. Tulikwenda hadi kuulizia bei. Mzee alipopita kutazama maji, tulimdokezea mpango huo. Aliinama akachungulia tangi, akasema tu, "Maji ni mazuri sasa, Baba. Msiyachafue." Sisi ambao kila Jumamosi huwahimiza wengine waseme walichotenda bila kukipamba, tulihitaji kuambiwa hivyo na bwana samaki.

Jumapili ya kwanza ya Septemba hatukungoja simu. Tulipiga wenyewe.

"Binti yetu, tuna jambo la kukuambia, nalo si zuri. Samaki sita wamekufa. Kardinali ni mmoja wao. Walikufa mwezi wa Agosti, na wengine kabla. Tulikuwa tukikuambia hawajambo, na haikuwa kweli."

Alinyamaza kwa muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mlimzika?"

"Tulimfukia chini ya mpapai."

"Walikuwa wanakula nini?"

Tukamwambia: unga, biskuti, chapati, wali. Akavuta pumzi, kama mtu mzima.

"Baba, biskuti haziruhusiwi. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nawapa, wakafa wawili. Mama alinionyesha, kidogo tu, asubuhi. Mngeniuliza ningewaambia."

Wapendwa, tumehubiri miaka mingi, na tumesikia mahubiri ya wengi, lakini maneno yale ya mtoto wa darasa la nne hayajatutoka. Mngeniuliza ningewaambia. Siku Kardinali alipokufa walikuwa wamekufa wawili tu. Kama tungesema kweli Jumapili ile, angetuambia siku ile ile, na huenda wale wanne wangekuwa hai. Tulimficha habari tukidhani tunamkinga na huzuni, kumbe tulikuwa tunajikinga sisi na aibu, na gharama yake ikalipwa na samaki. Aliyekuwa na dawa ndiye tuliyemdanganya.

Alilia, nasi tulimwacha alie bila kukata simu. Hatukumpa maelezo marefu. Jumapili ile tulimpa kweli kama alivyoweza kuipokea: waliokufa ni nani, walio hai ni nani, na kwamba tunaomba radhi. Mengine aliyauliza mwenyewe Jumapili zilizofuata, moja baada ya jingine, nasi tulijibu kila moja kwa kadiri yake. Juma la tatu alitaka kujua habari za kongoro. Alicheka aliposikia habari za papai. Juma la nne alitupa ruhusa ya kuendelea kuwatunza watatu waliobaki, kwa masharti: watoto wa Utoto Mtakatifu walishe kwa zamu, mmoja kila siku, na jina liandikwe kwenye karatasi. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani juu ya tangi, mnaweza kuiona.

Basi, atakayepita jikoni kwetu na kusikia harufu ya kongoro lisilo na chumvi, ajue ni kwa ajili gani. Aliye na samaki na ajaribu, nasi tuko tayari kumgawia sinia moja. Na asiye na samaki tunamwomba, juma hili, amfikirie mtu mmoja anayempenda kumsaidia, kisha ajiulize maswali mawili tu: Je, nimewahi kumuuliza anaweza kupokea kiasi gani? Na je, kuna kweli ninayomficha, nikisema ni kwa faida yake?

Watatu waliobaki hawajambo. Safari hii ni kweli.

Tukutane tena juma lijalo. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.